Zabibu za Pina Katika Ndoo ya Bibi

Mpaka leo nikinusa zabibu zilizopondeka, moyo hunipiga paa. Naiona ile ndoo ya bluu kando ya hita, jikoni kwetu Walthamstow, kwa Waingereza.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Pina, mjane wa Kiitaliano. Kila baridi ilipoanza kuuma aliletewa makreti ya zabibu za kwao, ziitwazo aglianiko, akazikamua mvinyo bandani mwake. Zilikuwa ndogo, nyeusi, zenye ganda nene, na alituambia huchelewa kuiva kuliko karibu zabibu zote. Mwaka ule ziliangukia Ramadhani, naye akatuzawadia kreti zima. Mimi nilikuwa mdogo, sifungi bado, nikatia moja mdomoni. Kakasi yake! Ulimi ulikauka kama niliyetafuna ndizi mbichi.

Bibi yangu, aliyetulea kwa mapishi ya Unguja na baridi yote ile, hakutishwa na kakasi. Alizifanya kama ukwaju: akazivuruga kwa mkono, akamimina sukari bila huruma, akafunika kitambaa na kuziacha pale kwenye joto zilainike. Jumamosi tulikuwa na wageni wa futari, maalimu wangu wa chuo cha Kurani akiwamo, na Bibi alitaka sharubati yake isimuliwe mtaa mzima.

Baada ya siku kadhaa ndoo ikaanza kutoa povu na kuchemka bila moto. Bibi alisema ni sukari hiyo. Kuonja hakuonja: mchana kafunga, na usiku hakutaka kuipunguza kabla ya wageni.

Jumamosi ikafika. Wageni wako sebuleni wakingoja adhana, Bibi keshajaza jagi, mara Pina akaingia kwa mlango wa nyuma na sahani ya biskuti. Alinusa. Rangi ikamtoka usoni. Alilikamata jagi akalimwaga lote kwenye sinki, kisha akaigeukia ndoo, nayo akaimwaga. Nikajua mama wa watu kashikwa na wazimu.

Pina hakujua Kiswahili, na Kiingereza cha Bibi kilikuwa cha dukani. Akanishika bega, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Mwambie bibi yako hiyo si sharubati tena. Imeshakuwa mvinyo."

Mimi niliyezoea kumjibu Bibi kwa Kiingereza, siku hiyo nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, maana neno lenyewe sikuwahi kulitamka mbele yake. Bibi alikaa chini sakafuni.

"Yarabi stara," alisema. "Nilikuwa namnywesha maalimu."

Wageni walifuturu kwa maziwa ya dukani, na maalimu aliyasifu.

Utotoni nilidhani Pina aliogopa zawadi yake isije ikalaumiwa. Ukubwani ndipo nilipofahamu. Mwanamke yule alikuwa hamwagi hata tone la zabibu zile. Kwao mvinyo ni baraka ya meza. Jioni ile aliimwaga baraka yake kwa mikono yake mwenyewe ili Bibi asiaibike mbele ya watu, na hakumsimulia mtu mpaka anaingia kaburini. Bibi naye vilevile. Mimi ndiye niliyebaki, na nyinyi ndio wa kwanza kunisikia.