Mughwai na Wazee wa Ukutani

Katika hoteli ya Mgiriki pale Manyoni, ile ya ghorofa waliyoiacha Wajerumani karibu na stesheni, Mughwai aliajiriwa kufuta vumbi. Kazi nyepesi, ungesema. Lakini vumbi la Manyoni halina adabu, na Bwana Kosta, mwenye hoteli, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya. Msafiri yeyote wa treni aliyekuwa na kitu kitakatifu cha kuachia, Bwana Kosta alikipokea na kukiweka katika ukumbi wa chakula. Mlangoni alikaa Ganesha wa shaba, mungu mwenye kichwa cha tembo, wa Mhindi mmoja aliyehama, kisha aya ya Kurani ndani ya fremu kutoka Tabora, kisha Bikira Maria aliyechongwa na mateka wa Kitaliano wakati wa vita ya Hitla, kisha Buda mnene. Mwisho, juu ya meza kuu, alikuwa mtakatifu wa Kigiriki, picha iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi.

Mughwai alitoka upande wa Ikungi, na kwao hugusi uso wa mkubwa kabla hujamwamkia. Basi kila asubuhi aliinama mbele ya kila mmoja: "Shikamoo, mzee." Na kwa kuwa salamu ya kwao haiishii hapo, aliuliza habari za ng'ombe, za mvua na za watoto, akanyamaza kidogo kuwapa nafasi ya kujibu. Wageni walisubiri chai.

Chrispin, mwalimu wa misheni aliyepita pale kila Jumatatu, alichukizwa.

"Bikira Maria unamwamkia wa tatu, Mughwai?"

"Mwalimu, huyu wa mkonga ndiye yuko mlangoni. Ningempitaje?"

Stumai, mfua mashuka, naye akasema aya haiamkiwi, inasomwa. Mughwai akamjibu kwamba kusoma hajui, kuamkia anajua. Heshima si utumwa, akaongeza, na hapo akawaudhi wote wawili kwa mkupuo.

Maneno yakamfikia Bwana Kosta wiki ile ile Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipotarajiwa kuja kula chakula cha mchana.

"Futa bila maneno," Bwana Kosta alisema. "Ukimwamkia hata mmoja, huna kazi."

Halikuwa jambo dogo. Nyumbani mtama ulikuwa umekauka mwaka wa pili huo, na Redempta mkewe na watoto wanne waliishi kwa kile kitambaa cha vumbi. Mughwai akajaribu. Aliunyanyua mkono mbele ya Ganesha, mkono ukagoma. Aliona haya kweli kweli, kama mtu anayetaka kumzaba babu yake kofi. Siku tatu akafuta viti, madirisha, hata paka wa jikoni, ila wazee hakuwagusa.

Jumamosi, Bwana Shauri alipokuwa anaanza supu, Bwana Kosta alipitisha kidole kwenye tumbo la Buda. Kidole kikatoka chekundu kwa vumbi. Akamwambia Mughwai kwa sauti ya chini aende zake.

"Naenda, bwana. Ila niwaage kwanza."

Kuwaondokea wakubwa kimya kimya ni kuwatukana. Akaaga kuanzia mlangoni, kwa kirefu, akiomba ruhusa kwa kila mmoja, na kijiko cha Bwana Shauri kikabaki hewani. Alipomfikia mtakatifu wa Kigiriki akasimama.

"Huyu ni mzee wa kwenu, bwana. Siwezi kumwomba ruhusa na mtoto wake yuko hapa hapa. Niombee wewe."

Bwana Kosta akasogea ili mambo yaishe.  Picha ile hakuachiwa na msafiri; alikuwa amepewa na mama yake bandarini, miaka ishirini na sita iliyopita, siku alipoondoka kwao, na tangu hapo hakuwahi kuisemesha. Akaanza polepole, kwa Kigiriki. Sauti ikamkatika, akaendelea. Uchungu ulimjaa usoni na hakuweza kuuficha.

Mughwai akangoja mpaka amalize. "Amesemaje, bwana?"

Bwana Kosta akajifuta macho kwa kitambaa cha vumbi, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Ameniuliza habari za mama," akasema. "Nimemwambia sijui. Halafu amesema wewe ubaki."

Bwana Shauri akaomba aletewe supu nyingine, ya moto.