Chenga Kwenye Shuka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kidogo cha kuoka pale Noonkopir, nilifika nimevaa tai. Mwokaji Mkuu, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, alinitazama toka juu hadi chini.

"Ulisoma nini huko chuo?"

"Falsafa, mama."

"Sawa. Toa hiyo tai, uje ufikirie siagi."

Siagi ilitaka kufikiriwa kweli. Kipande cha matunda, ile keki ya mraba tuliyokuwa tukiuza, kina tabaka tatu: chini unga ulioshindiliwa kwenye sinia, katikati rojo la maembe na pasheni lililopikwa hadi likakauka maji, na juu chenga. Chenga ni oti, ile nafaka bapa ambayo wengi wenu mnaijua kwa uji, pamoja na unga, sukari na siagi baridi. Husuguliwa kwa ncha za vidole tu. Kiganja kina joto, na siagi ikiyeyuka unapata kigae badala ya chenga. Nilitengeneza vigae kwa miezi kadhaa.

Miaka ikapita, mama akastaafu, nikawa Mwokaji Mkuu mimi. Ndipo Meneja akaniita ofisini.

"Unaenda Kajiado kufungua tawi. Miezi mitatu. Isiposhika tunafunga, na hapa nafasi yako nishapatia mtu."

Huko niliajiri muuzaji, Naserian, msichana wa hapo hapo, ambaye aliacha kazi ya mashamba ya maua ili aje kwetu. Kwa hiyo tukianguka, tungeanguka wawili. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Mwalimu, kwa maelezo yangu marefu, na mji mzima ukamfuata.

Siku ya mnada wa mifugo tuliweka meza karibu na zizi. Mzee mmoja alinunua kipande, akauma, chenga zikamwagika kwenye shuka yake.

"Mwalimu, umeniuzia chakula ama umenirushia chakula ya kuku?"

Watu walicheka. Mimi nikamweleza, kwa hoja tatu, kwamba kumeguka ndiyo sifa yenyewe ya kipande hiki. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Basi hiyo sifa baki nayo," akasema, akanirudishia kilichobaki.

Nilirudi kwenye tanuri nikaongeza asali ili chenga zishikane. Zikashikana kama saruji. Mwezi wa pili ukaisha tukiwa tunakula bidhaa zetu wenyewe.

"Mwalimu," Naserian akaniambia, "hawa watu wanakula wakisimama, mkono moja iko na fimbo. Tuvunje kwa kikombe, tumwagie maziwa moto. Watakunywa."

"Nivunje? Kitu nimekata kwa rula?"

"Ama tufunge. Hiyo rula utapimia nini?"

Sikulala vizuri, lakini mnada uliofuata nilivivunja vipande kwa mikono yangu. Maziwa yalizilainisha chenga, embe likapanda juu, harufu ikasambaa. Yule mzee alikuja kutucheka. Naserian akampa kikombe kabla hajafungua mdomo. Akanywa, akapangusa midomo, akakirudisha.

"Ongeza."

Meneja alikuja wiki ya mwisho, akakuta foleni. Alivitazama vipande vyake vikisagwa ndani ya vikombe, uso umekunjamana.

"Nani amewaruhusu kufanya hivi?"

"Hakuna," nikasema.

Akapewa kikombe. Alikunywa polepole, kisha akaniuliza kama tanuri moja inatutosha.

Sasa nimestaafu, magoti yakiwa yamenitangulia. Vijana huniuliza siri ya kazi, nami nawaambia: jueni siagi yenu, kisha mkamtazame anayekula amesimama namna gani. Mimi nilichelewa kulijua hilo la pili kwa miaka mingi, na nilikuwa na shahada.

Mwezi uliopita nilipita tawini. Naserian ndiye Mwokaji Mkuu, na alikuwa anabishana na wafanyakazi wake wawili kama nanasi lafaa kuchukua nafasi ya embe msimu ukiisha. Nilikuwa na maoni, tena marefu. Mmoja wao akanivutia kiti, mwingine akanijazia kikombe, na ubishi ukaendelea vizuri kabisa bila mimi.