Shikamoo ya Mawe

Jumamosi saa kumi na moja jioni, mwenzangu bwenini alifungua chupa ya mafuta ya alizeti ya kwao. Mimi nilikuwa nimejilaza na hofu yangu, maana kesho yake nilipangiwa kusoma somo kanisani. Ile harufu ikanirudisha kwenye njia ya kijiji cha Mungaa.

Nilikuwa mdogo, ni likizo, alizeti zimekauka shambani. Mimi na baba tulipanda kilima kwa miguu kwenda kwa bibi, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Niliogopa kumwamkia. Mbele ya watu sauti ilikuwa hainitoki kabisa.

"Anza na hili jiwe," baba akasema.

"Shikamoo," nikanong'ona.

Akalijibia jiwe kwa sauti nzito: "Nani huyo?" Kisha akaniambia, "Mawe ya huku ni wazee, mama. Hawasikii vizuri."

Tukayaamkia njia nzima, mengine yana joto la jua ukiyaegemea. Tulipofika nilipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akacheka. "Ila mimi si kiziwi."

Jumapili asubuhi nilipita nyuma ya jiko la shule, penye jiwe kubwa, nikaliamkia. Halafu nikaenda kanisani kusoma.