Jino la Fedha kwenye Jiko la Gesi

Jambo zima lilinigharimu kuku watatu, tenga moja la karoti, kipande cha sabuni na hereni moja ya fedha. Nimehesabu mara mbili. Ukimsikia mtu wa mtaani kwetu Mwembesongo akisema lile jiko nilipewa bure, mwulize ni bure gani hiyo inayotaga mayai.

Kuku wawili na karoti vilikwenda kwa mke wa mhandisi mmoja mgeni, niliyekuwa nikimpelekea mboga za Mlali kila wiki. Mkataba wa mumewe kiwandani ulikuwa umekwisha, wakawa wanaondoa vyombo. Akanionyesha jiko la gesi la pleti mbili lililokaa stoo tangu masika, na mitungi miwili, mmoja umejaa na mwingine nusu. Akataka kuku wanne. Nikamwambia pleti ni mbili, kila pleti na kuku wake, hao wawili wengine watapikwa wapi? Akacheka. Mtu akishacheka, bei imeshuka. Nikamwongezea karoti asije akajuta njiani.

Sikulitaka kwa fahari. Mama yangu alikuwa ameshushwa kutoka mlimani akiwa na kifua kinachopiga filimbi, na daktari alilaumu kitu kimoja tu: moshi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Nikipikia kuni uani, upepo wa Uluguru unausukuma moshi wote kwake; nikipikia mkaa ukumbini, ndiyo kabisa. Nilitaka mama apumue. Mengine yote yalikuwa maneno ya watu.

Na watu walikuwa nayo. Siku ya pili tu, Jumanne, mjumbe wetu wa nyumba kumi akabisha hodi, daftari kwapani.

"Ndugu, nasikia umeingiza chombo cha kibwanyenye."

"Kinapika ugali uleule, ndugu mjumbe."

"Kinapika? Hebu washa nione."

Hapo akanishika. Pleti ya kushoto ilitoa moto wa njano, mrefu, unaolegea, ukaipaka sufuria masizi mpaka mpinini. Ya kulia ikasema pu! ikazimika. Mjumbe akaandika. Akanieleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kamati ilikuwa inatafuta jiko la kantini ya duka la ushirika, na chombo kilichomshinda mmoja kikawafae wengi. Kamati ingepita Jumamosi. Likikutwa linapika, tungezungumza. Likikutwa limelala, lingebebwa.

Nilihesabu siku kwa vidole: nne. Nikahesabu tena kuanzia kidole kingine: bado nne.

Jumatano nikamwita fundi stovu wa pale sokoni. Sina budi kumtetea kidogo, kwa sababu alifanya kosa ambalo sisi sote tungelifanya. Miaka ile kila nyumba yenye stovu ya pampu, ile ya mafuta ya taa, ilikuwa na sindano yake: kibati chembamba chenye uzi wa chuma nchani. Moto ukinuna, unachokonoa tundu, unaamka. Tulichokonoa stovu kama mtu anavyochokonoa sikio, hata pasipo sababu. Basi fundi akafungua pleti ya kushoto, akaona chini yake kichwa kidogo cha shaba chenye tundu, uso ukamng'aa kama amekutana na mtu wa kwao.

"Tundu limeziba," akasema, akitia sindano.

"Limezibaje na sindano inapita?"

"Inapita mama, lakini haishibi."

Akatoa spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha, akachokonoa mpaka ikashiba. Tulipowasha, moto wa njano ukaruka hadi usawa wa kidevu chake, na masizi yakapanda darini. Mama akatoka nje akikohoa, ameshika ukuta.

"Unaona? Sasa linapumua!" fundi akasema.

"Linapumua pumzi ya mama yangu. Zima."

Kuku wake, wa tatu kwenye hesabu yangu, fundi alikuwa amekwisha kumfunga miguu kabla ya kuanza kazi. Hilo lilikuwa kosa langu, na nimelitaja mara moja tu. Nilimnyima pleti ya kulia. Akasema ninamdharau. Nikamwambia ndiyo.

Usiku sikuwaza gesi, niliwaza matundu. Mjini hapa ni nani anayekula kwa kutoboa vitu vidogo bila kuviharibu? Alhamisi asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya sonara, mzee mmoja mwenye kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, nimefunga vichwa viwili vya shaba kwenye ncha ya khanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta dhahabu?"

"Nimeleta shaba."

Akashusha pumzi, lakini akatazama. "Nani ametoboa hiki?"

"Fundi."

"Fundi wa nini, visima?"

Akanieleza, na alinieleza kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi, jambo ambalo sijalisahau. Mafuta ya taa huacha uchafu tunduni, kwa hiyo sindano ina haki yake. Gesi huja safi, na tundu lake limepimwa. Ukilipanua, gesi inazidi hewa, moto unakuwa wa njano na masizi juu. Heri hiki cha kulia hakijaguswa. Angeziba kile kilichoharibika kwa fedha, kisha akitoboe upya kwa keekee yake nyembamba kuliko zote, akilinganisha na mwenzake. Ila fedha hana. Akanitazama masikioni.

"Hereni zote mbili," akasema.

"Tundu ni moja, mzee."

"Na kazi yangu?"

"Kazi yako iko humohumo kwenye hiyo moja. Ipime kwanza, utaona inabaki."

Akaipima mara mbili; nikampenda. Ilibaki. Wakati anachomelea akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Kabla fundi wako hajachokonoa, moto ulikuwaje?"

"Wa njano."

"Basi tundu halikuwa na kosa tangu mwanzo. Nenda kaangalie njia ya hewa."

Ijumaa nikayafungua mabomba mawili mafupi yaliyo chini ya pleti, pale gesi inapochanganyika na hewa. Nikachungulia la kushoto nikilielekeza juani. Giza. Nikachungulia la kulia. Giza. Nikayagonga kizingitini, ukaanguka udongo mkavu, vipande kwa vipande, na ndani yake vijumba vya manyigu, vimejengwa kwa ufundi ambao Mwembesongo haikuwa nao. Tangu masika walikuwa wamejiandikisha humo kama wanakijiji. Nikasafisha kwa waya wenye kitambaa, nikarudisha vichwa vya shaba, kimoja sasa kina jino la fedha. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote kuona kama gesi inavuja, na sabuni siku zile ukiipata unaificha kuliko cheti cha ndoa. Hakikutokea kiputo hata kimoja. Nikawasha.

"Mbona siuoni moto?" mama akauliza.

"Ndio huo, mama. Wa buluu."

Akasogea karibu na jiko. Hakukohoa.

Jumamosi kamati ikaja, watu watatu. Pleti ya kushoto ilikuwa na chai, ya kulia maharage. Mjumbe akainama, akatazama chini ya sufuria, akapitisha kidole: kimetoka safi. Kisha akafungua daftari.

"Sasa ndugu, kwa kuwa linafanya kazi, ndiyo linafaa zaidi kantini."

"Jumanne lilifaa kwa sababu ni bovu."

"Hali imebadilika."

"Mimi sijabadilika. Haliondoki. Andika."

Kalamu ikasita. Mama, aliyekuwa mkekani, akamwita mjumbe, "Mwanangu, hujanisalimia."

"Shikamoo bibi," mjumbe akasema haraka.

"Marahaba. Kwako kuna stovu ngapi?"

"Mbili, bibi."

"Basi tuanzie kwako. Nyumba kumi, majiko yote, mazima na mabovu, yaende kantini siku moja. La mwanangu nitalibeba mwenyewe kichwani." Akaongeza neno la Kiluguru ambalo sitaliandika.

Mjumbe mwingine wa kamati, aliyekuwa na stovu mpya kabisa na sote tulijua, akasema chai inapoa. Wakanywa. Vikombe vinne, kwa sababu mmoja aliongezewa. Daftari likafungwa bila kuandikwa kitu, na wale wawili wakatoka wakizungumzia bei ya karoti.

Mjumbe wetu akabaki mlangoni. Akageuka, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakuniita ndugu.

"Dada, ile stovu yangu moja tangu juzi inatoa moto wa njano. Nimeichokonoa mpaka sindano imekatikia ndani. Hebu nishauri, nianzie wapi?"