Nilitangaza kwamba Mzee Elieneza wa Tambarare Jazz hawezi tena kuzunguka na gita lake, Ndungu wakanirekebisha

Wakuu, nawasalimu kutoka Same. Mlionizidi umri shikamooni, wa rika langu mambo.

Haya yamenitokea mwenyewe, na mengine hayanipambi hata kidogo. Mkiona mahali najitetea, niambieni.

Nina duka la steshenari hapa mjini. Natoa kopi, nauza madaftari, nachapa barua za watu. Mashine inaunguruma siku nzima, na juu ya kabati kuna redio. Huko kwenye redio ndiko nilikoupendea muziki wa dansi tangu usichana wangu, na bendi yangu ilikuwa Tambarare Jazz.

Kwa wasioijua, ilikuwa bendi ya huku kwetu, ikizunguka kuanzia Mwanga mpaka Korogwe, mara mojamoja Dar. Kiongozi wao, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwimbaji, alifariki, na bendi ikasambaratika. Tukabaki mashabiki kwenye group moja la simu, tukitumiana nyimbo za zamani na kubishana nani alipiga nini.

Mimi nilikuwa admin.

Sasa katikati ya mwaka huu ikaingia habari ambayo hakuna aliyeitegemea. Mzee Elieneza katoa nyimbo zake mwenyewe.

Mzee Elieneza ndiye aliyepiga gita la rhythm miaka yote ya bendi. Gita la rhythm ndilo linalokaa nyuma na kuubeba wimbo, sifa zinakwenda kwa wengine. Kwenye picha za bendi yeye ni yule ambaye nusu ya uso wake imekatwa. Leo anakaribia miaka sabini, anaishi kwao Mhezi, juu milimani. Binti yake Naamini, ambaye ni mwalimu hukohuko, alimrekodi sebuleni akaziweka nyimbo nne mtandaoni.

Mtu wa rhythm katoa solo. Tulitaniana siku mbili nzima.

Baada ya utani, group likagawanyika.

Upande mmoja alikuwepo Kisaka, mkata tiketi za mabasi huko Dar. Yeye alishapanga ziara yote kichwani: Same, Mwanga, Moshi, Tanga, halafu Dar. Alisema kila mji una wazee waliocheza Tambarare Jazz, watakuja.

Upande wa pili walisema rhythm haijazi ukumbi. Walisema hakuna sauti ya marehemu. Na nyimbo zenyewe ni za polepole mno, hazichangamki mahali popote, zinaanza kama mtu anayesinzia na zinaisha akiwa bado amesinzia.

Mimi kimoyomoyo nilikuwa na hao wa pili.

Lakini niseme kitu. Mchana mmoja mteja alileta kitabu kizima nikitoe kopi, kazi ya saa nzima. Nikaziweka zile nyimbo nne. Mashine inapeleka mwanga wake huku na huku, karatasi zinatoka za moto, na lile gita linakwenda taratibu kama mtu anayeteremka mlimani bila haraka ya kufika. Nilipozinduka, mteja alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amefumba macho, na karatasi zilishakwisha zamani.

Sikumwambia mtu kwenye group. Sijui kwa nini.

Basi wakaamua kwamba, kwa kuwa niko karibu, nipande Mhezi nimwone mzee kwa macho yangu, nimuulize kama ziara anaitaka na kama anaiweza.

Nilipanda na gari la asubuhi. Ilikuwa Julai. Walioishi milima ya Upare wanajua Julai ya kule. Tulianza na jua la Same, tukaingia kwenye ukungu katikati ya kona, na kuanzia hapo ulimwengu ukabaki wa hatua kumi mbele yako. Migomba inatokea, inapotea. Unasikia mtu akikohoa shambani na humwoni.

Naamini alinipokea kwa makande ya moto. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, kavaa makoti mawili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na wapenzi wa bendi."

Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza kuhusu ziara. Alitazama nje, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa weupe.

"Nataka," akasema. "Lakini nataka kupiga mchana. Saa kumi alasiri, watu wamekaa, tunaonana."

"Dansi mchana, baba?"

"Mwanangu, nimezunguka na bendi nusu ya maisha yangu. Tunafika jioni, tunapanga vyombo, tunapiga. Kukicha tunalala ndani ya gari, tunaamka mji mwingine. Ukiniuliza Korogwe ikoje, nitakwambia ukumbi wake ulikuwa na nguzo katikati. Basi. Hiyo ndiyo Korogwe ninayoijua."

Halafu akachukua gita, anipigie.

Wakuu, hapa ndipo nilipokosea.

Alianza vizuri, kisha vidole vikagoma. Nyuzi zikakwaruza. Akarudia, zikakwaruza tena mahali palepale. Akacheka kidogo, akasugua mikono akasema, "Leo baridi imenishika." Mimi nikachukulia kuwa ni kisingizio cha mzee anayeficha uzee wake. Na simu yangu ilikuwa mapajani, ikirekodi. Sikumwomba ruhusa.

Nikiwa njiani kurudi, mtandao uliposhika, nikatuma ile rekodi kwenye group pamoja na maneno yangu: "Wapendwa, nimemwona na nimemsikia. Mzee hawezi. Tumwache apumzike kwa heshima yake."

Niliandika "heshima" na nikajisikia mtu mwema.

Group likapoa. Kisaka akaandika, "Basi, tumeelewa." Habari ya ziara ikaishia hapo.

Siku ya nne Naamini akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Dada, ile rekodi imefika huku. Mwalimu mwenzangu ameipiga ofisini, watu wakacheka. Hakujua ni baba."

"Na baba ameisikia?"

"Ameisikia. Aliomba nimwekee mara mbili."

"Akasemaje?"

"Kasema ni kweli, ndivyo alivyopiga siku ile. Kisha akalitia gita kwenye begi, akaliweka stoo."

Nilikaa nyuma ya kaunta mpaka mteja akagonga meza kwa sarafu. Kuna mtu katika group ndiye aliyeisambaza, sijamjua mpaka leo, ila aliyeirekodi namjua vizuri.

Nikarudi kwenye group, nikaandika yote. Kwamba nilirekodi bila ruhusa, kwamba nimemdhalilisha mtu aliyenilisha makande nyumbani kwake. Nikajitoa uadmin. Wengine walinisema na nilistahili.

Aliyenipigia simu alikuwa Mama Mwanaidi, mkulima wa mpunga wa Ndungu, huku chini upande wa tambarare. Alikuwa mchezaji mashuhuri wa dansi enzi zake na hana subira na ujinga.

"Wewe binti, ulipanda Mhezi mwezi gani?"

"Julai, mama."

"Mimi mama yangu ni wa kule. Julai nikienda hata kitenge siwezi kukifunga fundo. Unampima mtu vidole kwenye barafu? Mleteni huku kwenye joto."

Siku hiyohiyo nilimpigia Naamini nikamwomba nipande tena.

Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza kuomba radhi. Hakunisaidia hata sentensi moja. Halafu akasema, "Ulichosikia ndicho ulichosema, sikukatalii. Kosa lako uliondoka mapema. Baada ya jua kutoka nilipiga mpaka jioni."

"Mama mmoja wa Ndungu anakuomba uteremke, baba. Saa kumi, kama unavyotaka."

Akamtazama binti yake. Naamini akasimama akaenda stoo.

Tuliteremka siku moja kabla ya show. Kwa barabara ya Kisiwani, milima mkono wa kulia, uwanda mkono wa kushoto, na kadiri tulivyozidi kushuka mzee alizidi kuvua. Koti la kwanza, koti la pili, sweta. Tulipoingia Ndungu alikuwa na shati la mikono mifupi, na mikono yake nilikuwa sijaiona ikiwa wazi. Ni mirefu kama ya mtu mwingine.

Asubuhi yake alitoka mapema kutembea mashambani. Nilimfuata kwa mbali. Mavuno yalikuwa yamekwisha sehemu kubwa, majaruba mengine yana maji tu, na ndani ya maji milima imelala kichwa chini. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wakila mabua. Mtu akapita na baiskeli kwenye tuta jembamba, akamsalimia, akaendelea, na kivuli chake kikaendelea chini yake kwenye maji.

Mzee alisimama pale karibu saa nzima.

"Hapa tumepiga mara nyingi sana," aliniambia. "Nilikuwa nasikia vyura, nikidhani ni bwawa."

Show ilikuwa kwenye ghala la mpunga. Magunia yamepangwa pembeni mpaka juu, madirisha yapo wazi, jua linaingia kwa mstari na vumbi la pumba linaelea ndani yake kama dhahabu. Mabenchi tuliazima kanisani. Walikuja watu wa kutosha kujaza mabenchi, na wengine wakakaa juu ya magunia. Kisaka alikuja kutoka Dar na basi, akakaa mstari wa mbele na shati lake la kunyooshwa.

Mzee kwenye kiti, Naamini pembeni na kayamba, maana ni mwanakwaya. Hakuna mwingine.

Akaanza. Wakuu, vile vidole vilikwenda.

Sina maneno ya kitaalamu. Vilikwenda kama maji ya mfereji ukifungua kizuizi. Lakini niliona watu wanatazamana, kwa sababu wimbo ulikuwa polepole na hawakujua wafanye nini na miguu yao. Baada ya wimbo wa pili mwanamume mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mzee, tupigie Nishushie."

Nishushie ndio wimbo uliowapa umaarufu Tambarare Jazz. Kila harusi ya huku uliwahi kupigwa. Unakwenda kasi, na likifika neno "nishushie" watu wote wanashuka na kiuno mpaka chini. Mimi mwenyewe nimeshuka sana.

"Nitaupiga," mzee akasema. "Ila nitaupiga kama nilivyoutunga. Kiongozi wetu alisema hivi hauchezeki, na alikuwa sahihi, tuliishi kwa ule wa kasi."

Hapo ndipo tulipojua kuwa wimbo ni wake. Miaka yote hiyo.

Akaupiga taratibu, na kwa mara ya kwanza tukayasikia maneno. Ni mwanamke anapanda mlima na mzigo wa kuni kichwani. Kila anayekutana naye njiani anamwomba, nishushie, nipumue. Wote wana haraka, wanamjibu kwa salamu, wanapita. Mwisho anafika kwake, na nyumbani hakuna mtu wa kumshusha.

Hakuna aliyecheza. Mama Mwanaidi alisimama peke yake katikati ya ghala, macho kayafumba, mikono kaiinua kidogo kama anayepokea kitu kutoka kichwani kwa mtu mwingine. Akayumba hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Nje maji yanapita mferejini. Yule mwanamume wa nyuma akasema, kwa sauti ndogo sasa, "Rudia, baba."

Akarudia.

Tangu siku hiyo amepiga Kisiwani, amepiga Kwakoa, na hapa Same amepiga mara mbili. Zote saa kumi. Hoteli moja ya Dar ilimtaka kwa usiku wa dansi na bendi ya kukodi nyuma yake. Alikataa kwa adabu, na Kisaka alinuna wiki nzima. Kwenye group ubishi haujaisha. Wapo wanaosema hadi leo kwamba mzee anasinziza watu na ziara haitavuka Korogwe. Inawezekana. Sina tena cha kutangaza kuhusu uwezo wa mtu.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi mashabiki tunadhani tunampima msanii mkongwe, kumbe tunapima kama bado anatupa ule ujana wetu. Akija na kitu chake mwenyewe tunamwona kachoka. Na la pili, usirekodi mtu nyumbani kwake bila kumwomba. Hilo halihitaji falsafa.

Kesho nafunga duka, nampeleka mzee na Naamini Hedaru. Ukumbi ni wa shule, madirisha makubwa, na mwalimu mkuu kaahidi viti vyenye migongo kwa ajili ya wazee.

Wenye kuona nilistahili zaidi ya kujitoa uadmin, semeni, nasoma zote. Na mliopo Korogwe: mnajua mahali penye kivuli na hewa, ambapo mtu anaweza kuutazama mji kabla ya kuupigia?