Uzito wa Nyuma Kushoto

Nianze kwa kukiri ujinga, ili ukinicheka tumalizane mapema. Mwaka huu nimebadilisha springi za gari langu dogo mara mbili, na gari lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote. Nililiona tu limelala upande wa kulia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka ni soko au kanisa, na njiani napita duka moja hapa Migosi lenye vioo virefu mbele. Kila nikijitazama mle nikipita, upande wa dereva umeshuka. Nikalipeleka kwa fundi. Akalizunguka, akapima kwa futi, akasema liko sawa. Nikamwambia hajui kazi. Akaniwekea springi mpya, nikapita kwenye kioo, bado. Nikaenda kwa fundi wa pili, nikamteta yule wa kwanza kwa kirefu, naye akaweka zingine. Bado.

Jeuri hiyo haikuanza jana. Nani angeniambia mimi mambo ya springi? Nilipokuwa na miaka tisa, mimi nilikuwa kipuri.

Baba mdogo alikuwa na gari kubwa la injini ya silinda nane, pua ndefu kama ya mamba, alilolipata kwa mhadhiri mmoja wa Maseno aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Likinguruma, kuku wa ploti nzima waliacha kula. Kwenye barabara iliyonyooka lilikimbia kana kwamba linafukuzwa, lakini likifika kwenye kona lilikuwa ng'ombe juu ya saruji iliyomwagiwa sabuni. Na baba mdogo alikuwa na ndoto moja tu: kuliingiza kwenye autokrosi, mashindano yaliyofanyika uwanja wa vumbi nje ya mji, ambapo kila gari huzunguka mapipa peke yake huku saa ikikimbia, na ukigusa pipa unaongezewa sekunde.

Pesa za vipuri hakuwa nazo, kwa hivyo alitumia kichwa. Raba za kwenye maungio alimwomba fundi wa viatu vya akala amchongee kutoka tairi kuukuu. Shoku zilizochoka, zile za kutuliza mtikisiko, alizitoboa, akazijaza mafuta mazito, akaziziba. Springi za nyuma, vile vyuma bapa vinavyolaliana, alivifungua kimoja kimoja akavisugua kwa mchanga wa ziwani na mafuta ya taa, na kilichovunjika akakibadilisha na kingine cha mkokoteni wa punda. Ua wetu ulinuka grisi upande mmoja na dagaa wa omena aliowaanika nyanya yangu upande wa pili. Nyanya, akigeuza omena zake juani, alikuwa akisema kwamba yule mwanawe anaosha vyuma vizuri kuliko anavyooga.

Kisha ikaja mizani. Jirani yetu, mama wa nafaka, alikuwa ametoka upande wa Nyeri akaja Kisumu kuuza maharagwe na mchele, na alikuwa na mizani ya chini, ile inayomeza magunia matatu kwa pamoja. Baba mdogo aliiazima kila jioni baada ya duka kufungwa. Mizani ni moja na magurudumu ni manne, basi matatu yalikaa juu ya mbao za kimo kile kile na moja juu ya mizani, halafu tunabadilisha. Yeye alikaa kwenye usukani kama siku ya mashindano, mama wa nafaka alisoma, mimi niliandika ukutani kwa chaki. Gurudumu la nyuma kushoto ndilo lililokuwa jepesi. Kila kona, gari lilitaka kugeuka litazame lilikotoka.

Akajaribu gunia la mchanga. Kwenye kona ya kwanza gunia likateleza likapiga mlango. "Gunia haliegemei," akasema, kisha akanitazama kwa muda mrefu kidogo. Nilikuwa mtoto ambaye akiketi kanisani, benchi linasema kitu. Akaniweka nyuma kushoto, akanifunga mkanda, tukapima upya. Namba zikakaribiana kama ndugu. Akaniambia nisiongezeke na nisipungue, na ninakuapia, hakuna aliyewahi kuusifu mwili wangu namna hiyo kabla ya siku ile wala baada yake.

Tulifanya mazoezi kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba zetu, tukizunguka jerikeni. Akikata kulia naegemea kulia, akikata kushoto naegemea kushoto. Vumbi lilitujaa masikioni. Binamu zangu wembamba walisimama kando wakila miwa, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na la kunitania.

Wiki moja kabla ya mashindano, nikashikwa na malaria.

Nilipoamka vizuri, gauni langu lilikuwa la mtu mwingine. Tukapima, na nyuma kushoto ilikuwa imepungua. Baba mdogo alifuta chaki kwa kiganja, akaenda pembeni, akaanza kuliangalia tena lile gunia la mchanga. Malaria haikuniuma kama mgongo wake pale.

Wanawake wawili wakaingia kazini. Nyanya alinijaza ugali wa mtama na samaki wa mbuta, asubuhi uji wenye njugu zilizosagwa, mzito hadi kijiko kinasimama. Mama wa nafaka alipitisha mukimo wa kwao, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga, juu ya ua, sahani kubwa iliyofunikwa. Kila mmoja alidai kwamba nyama iliyorudi mashavuni ilikuwa yake. Nyanya alisema mukimo ni chakula cha kupambia sahani. Mama wa nafaka akajibu kwamba samaki ni maji yenye macho. Mimi nilikula vya pande zote mbili bila ubaguzi.

Siku ya mwisho bado nilikuwa nimepungukiwa. Basi nikaingia kwenye boksi la vifaa, nikajaza nati kwenye mifuko ya sweta na ndani ya soksi, nikapanda mizani nikitembea kama bata. Namba ikaja sawasawa. Baba mdogo akatabasamu. Mama wa nafaka hakutabasamu. Alinishika bega, akanitikisa kidogo kama anavyotikisa gunia kabla ya kulinunua, akasikiliza.

"Mtoto, mimi nimeuziwa magunia yenye mawe ndani tangu nifungue duka," akasema. "Toa."

Nikatoa moja moja, machozi yakitoka kwa kasi kuliko nati. Baba mdogo alikuwa tayari anainuka kuelekea kwa gunia lake. Hapo mama wa nafaka akamgeukia yeye.

"Na wewe, Baba. Mkokoteni ukilemea upande mmoja, unatafuta mtoto mnene? Si unasogeza mzigo?"

Baba mdogo akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Tairi la spea alikuwa amelitoa mwenyewe ili gari liwe jepesi. Akalirudisha, akalifunga kwa kamba nyuma ya kiti changu, upande wa kushoto, pamoja na jeki. Tukapima. Namba zikakaribiana tena, nikaziandika ukutani, na nafasi yangu ikabaki yangu.

Hatukushinda. Kilishinda kigari kidogo kilichopita kati ya mapipa kama panya jikoni. Lakini sisi hatukugusa pipa hata moja, na kwenye lile la mwisho, nilipoegemea, nilisikia magurudumu yote manne yakitulia kwa pamoja, kama watu wanaoketi kula. Nyanya alikuwa pembeni na kitambaa chake cha kanisani, akiwaambia wasiomuuliza kwamba uzito ule ni wa mbuta.

Uwanja ule sasa umejaa nyumba za kupangisha. Mama wa nafaka alirudi kwao uzeeni. Nyanya hayupo, na baba mdogo alimfuata. Gari liliuzwa vipande vipande. Springi zake alizichukua mhunzi mmoja wa Pap Onditi akafua mapanga, na moja ninalo, nafyekea nyasi. Halijawahi kupinda. Sina malalamiko. Nyumba yangu ina kivuli, chai ipo, na mwili wangu umebaki ule ule wa nyuma kushoto, ila siku hizi naendesha.

Jumamosi nilisimama kwa jirani yangu anayekaanga samaki nje ya geti, nikamwambia naenda kwa fundi wa tatu. Akaniambia nishuke. Nikashuka. Gari likainuka, likanyooka kama rula. Akaniambia nipande. Likalala. Akageuza ngege wake kwenye karai, akayafuta mafuta mkononi, akasema:

"Gari yako haina shida, Mama. Wewe ni mzito na unakaa peke yako. Beba mtu."