Kolambaini Nyeupe za Baba Mkubwa

Siku nisiyoisahau, mwanangu, ni Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti, miaka ile ya sabini, nilipoingia kwenye bustani ya mtu na jembe mkononi bila kumuuliza yeyote. Nakusimulia kwa sababu nimechoka. Wiki hii peke yake vijana watatu wa rika lako wamepanda mlima kuja huku Werugha kuniomba miche ya kolambaini. Nimewaeleza kwamba ua hili halipendi kuhamishwa, kwamba nitawapa mbegu. Wakatikisa vichwa kama watu walioelewa. Nikaingia ndani kutafuta mbegu, na nilipotoka mmoja wao alikuwa ameshang'oa mche na kuutia kwenye mkoba wake, mizizi imekatika, anatabasamu. Nilikaa kitini nikamwangalia tu.

Basi na wewe uliyefuata miche, kaa, uweke hiyo simu chini.

Kama hulijui ua lenyewe, ni ua la nchi za baridi. Jina lilikuja na wazungu wa misheni na hakuna aliyetutafutia jingine. Majani yake yamekatwakatwa kama ya dania, ila ni mapana zaidi. Ua linainamisha kichwa, na nyuma ya kila petali kuna kipembe kirefu kilichopinda ambamo nyuki wanatafuta utamu. Huku juu kwenye ukungu linaishi miaka. Kule Voi halimalizi wiki, na hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyelijaribu.

Mwenye maua alikuwa baba mkubwa wangu, Mwandoe, kaka wa baba yangu. Alitunza bustani ya misheni tangu ujana wake, na alipoacha kazi alirudi nyumbani na kibati cha tumbaku kilichojaa mbegu nyeusi zinazong'aa. Mwanzoni zilimtolea maua ya kila rangi, zambarau, waridi, meupe machache. Yeye alitaka meupe tu. Kila mwaka, maua ya kwanza yakianza kufunguka, alipita asubuhi na mapema akang'oa kila shina lenye rangi kabla nyuki hawajalifikia, maana nyuki akishapita kwenye zambarau na kutua kwenye jeupe, mbegu za jeupe zinachanganyika. Alifanya hivyo miaka kama kumi na miwili. Sisi watoto tulimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo, kung'oa maua mazima hivyo. Lakini mwisho wake, ukisimama mlangoni kwake mwezi wa Agosti, uliona ukuta wote wa nyuma ya nyumba umekuwa mweupe, wala hapakuwa na ua hata moja lenye doa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa na Mwakio, karani wa reli, tunakaa kwenye nyumba za reli pale Voi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa najisikia. Mkubwa wa kazi wa mume wangu alikuwa na mke aliyepanda mawaridi kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, yamepangwa ngazini, na kila mgeni akifika lazima aonyeshwe. Siku moja aliniambia mbele ya wanawake wenzetu, "Nyinyi watu wa milimani mnajua kabeji. Maua hamna haja nayo." Wakacheka. Nikacheka nao, lakini lile neno halikunitoka. Wiki chache baadaye akasema Jumamosi atapita kwangu kunywa chai.

Alhamisi hiyo nikapanda basi kwenda Werugha. Nilijua maua yamefunguka. Nilijua pia kwamba Mkamburi, binti wa mwisho wa baba mkubwa, rika langu niliyelala naye kitanda kimoja tangu utoto, anaolewa wiki ya pili yake. Hayo mambo mawili sikuyaweka pamoja hata kidogo. Nilifika nikakuta nyumba kimya. Baba mkubwa na mkewe walikuwa wameenda Bura kwenye kikao cha harusi kwa wakwe, na Mkamburi alikuwa sokoni Wundanyi. Mtu mwenye akili angekaa kibarazani angoje. Mimi nilichukua jembe.

Nilichimba mashina tisa, yale mazuri zaidi. Mzizi wa kolambaini ni mmoja, mnene, umeshuka chini kama karoti, na kila niliponyanyua nilisikia unakatika. Nilisikia kabisa. Nikajiambia utaota tena. Kisha nikaona yaliyobaki yamekaa vibaya, yana mapengo, nikakata na hayo kwa kisu, chini ya ardhi pamoja na kichwa cha mzizi kinachochipua, ili nijaze ndoo ya sebuleni. Kwa hiyo usifikiri nilichukua kidogo. Nilimaliza ukuta. Nikafunga mashina kwenye gunia lililolowa, nikashuka na basi la alasiri, na abiria wote wakayasifu mpaka Mwatate, nami nikiitikia kama mwenye mali.

Nikayapanda mbele ya nyumba yetu Voi, kando ya ukuta wa mabati, mahali jua la saa nane linapiga mpaka bati linalia. Ijumaa jioni yalikuwa yamelala chini, na yale ya ndooni yamemwaga petali zote. Niliyamwagilia maji ya kunywa, maji ya kunawa, maji ya kuoshea mchele. Jumamosi yule mama alikuja na kitambaa chake kizuri kichwani, akasimama, akatazama chini muda mrefu.

"Hii ni mboga gani?" akauliza.

Alikuwa hanichokozi. Alitaka kujua. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa nafua, nikaona kivuli mlangoni. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti lake zito la kanisani, kwenye joto la Voi, jasho linamtiririka. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mabati, akachuchumaa, akashika shina moja. Likatoka lenyewe.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Wakesho, uliniuliza?"

"Hamkuwepo, Baba."

"Najua sikuwepo. Nimekuuliza, uliniuliza?"

"Hapana."

"Jumamosi ijayo Mkamburi anaingia kanisani. Miaka yote hii nang'oa maua ya rangi, wewe ulifikiri nacheza?"

Nikamwambia sikujua kama ni ya harusi. Na hiyo ilikuwa kweli, mwanangu, lakini kuna kweli nyingine ukiitoa mdomoni inakuongezea aibu.

"Hukujua kwa sababu hukuuliza," akasema. "Nakuelewa ulitaka kitu kizuri. Nani hataki? Lakini umekitoa mahali kinapoishi ukakileta mahali kinapokufa, na hujasimama hata dakika moja kujiuliza kwa nini hapa Voi hakuna mtu amepanda hiki kitu. Umeona wote ni wajinga, wewe tu ndiye mwerevu?"

Mwakio alitoka ndani na kiti, akamkaribisha chai. Baba mkubwa akasema asante, hana kiu. Mzee aliyepanda basi kutoka milimani kwenye jua lile akasema hana kiu. Akaondoka kwenda kungoja basi. Nilitaka anitukane. Nilitaka hata anipige. Alipopotea nyuma ya nyumba za reli nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, na sabuni ikanikaukia mikononi.

Harusi ilifanyika. Kanisa lilipambwa kwa matawi ya msonobari na maua ya kandokando ya kijito, na hakuna mgeni aliyeona kasoro. Lakini Mkamburi alipotoka na mumewe akinipita, aliniangalia kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Hakunisemesha karibu miaka miwili.

Nilikwenda kwa baba mkubwa nikamuuliza nifanye nini. Hakuniambia nimesamehewa, wala hakunifukuza. Akasema, "Utayaotesha."

Mbegu zenyewe hazikuwepo. Maua nilikuwa nimeyachukua kabla hayajafunga mbegu, na za miaka iliyotangulia alikuwa amewagawia kina mama wa kanisa. Ikabidi nizunguke nyumba kwa nyumba, Werugha, Mgange, mpaka Wundanyi, kuomba mbegu za maua ambayo mimi mwenyewe niliyamaliza. Kila mlango mama mwenye nyumba aliuliza, "Kwani za Mzee Mwandoe zimekwenda wapi?" Na kila mlango nilieleza upya. Mlango wa kwanza nililia. Kufika wa saba nilikuwa nasema kwa ufupi tu: niliziiba, zikafa. Mama mmoja alinipa uji kwanza ndipo akanipa mbegu, na mpaka leo namwombea.

Kila Jumamosi ya pili nilipanda basi kwenda kufanya kazi kwenye ukuta ule. Mara ya kwanza nilifukia mbegu chini kama mahindi, kina cha kidole kizima. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, hakuna kitu. Baba mkubwa akafukua kwa kijiti, akaona.

"Ni nani alikwambia ufukie?"

"Mbegu si hufukiwa, Baba?"

Alifumba macho. Nilikuja kuyajua macho yale, maana siku hizi nami nafumba hivyo hivyo. "Hizi zinataka mwanga," akasema. "Unazinyunyiza juu ya udongo laini, unazigandamiza kwa kiganja, basi. Ningekwambia. Niko hapa, nimekaa kwenye kiti, sina kazi nyingine."

Nikanyunyiza. Zikaota baada ya wiki nne, vijani vidogo kama ukucha. Mwaka wa kwanza zikatoa majani tu, na mimi nikaona zimegoma, nikachimba mche mmoja nitazame mzizi unafanya nini. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyokaribia kunipiga kweli. Alininyang'anya kijiko cha bustani, akakitia mfukoni mwa koti, akaenda nacho kanisani kesho yake.

Mwaka wa pili, Agosti tena, vichwa vikainama na kufunguka. Nilifika asubuhi, ukungu bado uko chini kwenye bonde, nikakimbilia nyuma ya nyumba. Zambarau. Zambarau, waridi iliyofifia, zambarau tena. Kwa wale kina mama zilikuwa zimepandwa pamoja na za misheni, na nyuki hawakujali habari zetu. Kwenye mashina zaidi ya arobaini nilipata meupe matatu, na moja lilikuwa na mshipa wa waridi ndani.

Baba mkubwa alikuja na fimbo yake. Alikuwa amezeeka ghafla miaka ile miwili, miguu inamsumbua. Akahesabu kwa macho.

"Matatu," akasema. "Mawili. Hilo lina damu. Haya, ng'oa mengine."

"Yote, Baba? Ni mazuri."

"Ni mazuri sana. Ng'oa."

Nilishindwa. Miaka miwili ya mabasi na kuinama, halafu niyang'oe kwa mkono wangu yakiwa yamechanua. Nilisimama pale nikilia kwa hasira, na yeye hakunibembeleza. Aliburuta kiti chake kivulini akakaa, akitazama mbali.

Sikusikia hatua. Nilichoona ni mtu amechuchumaa upande wa pili wa tuta, mtoto amefungwa mgongoni, anashika shina la kwanza la zambarau karibu na ardhi na kulivuta pole pole. Alikuwa Mkamburi. Akalilaza pembeni, akashika la pili. Mimi nikachuchumaa nikaanza upande wangu. Tulifanya kazi hivyo mpaka tukakutana katikati.

"Wewe Wakesho una haraka," akasema bila kuniangalia. "Tangu utotoni. Ulikuwa unakula viazi vibichi."

"Nilikukosea, Mkamburi. Nilikukosea vibaya."

"Ulinikosea," akasema. Akaniinamia, mtoto bado mgongoni, akanitoa udongo kwenye shavu kwa nyuma ya mkono wake.

Baba mkubwa aliishi miaka minne zaidi. Hakuuona tena ukuta mweupe kama ule wa kwanza, na nataka ulisikie hilo vizuri. Tulifika karibu. Meupe yalizidi, lakini kila mwaka yalijitokeza ya rangi kumi, kumi na tano. Kuna vitu unaomba msamaha, unasamehewa, na bado havirudi kama vilivyokuwa. Kazi yake ya miaka kumi na miwili niliimaliza asubuhi moja, na hakuna machozi yaliyoirudisha. Alipokuwa kitandani nilimwambia hivyo. Akasema, "Haya tuliyo nayo yapalilie," kisha akaomba maji.

Sasa mwanangu, sikia, na usinifanye nirudie. Ukitamani cha mtu, muulize mwenyewe, na kama hayupo, kaa kibarazani umngoje. Kitu kikiwa kizuri mahali fulani, uliza kwanza ni nini kinachokifanya kiwe kizuri pale, baridi yake, kivuli chake, mikono iliyokilea, kabla hujakipeleka unakotaka kusifiwa. Aliye mbele yako kwa kazi yuko kitini, hana haraka, muulize angali anaweza kujibu. Na ukishaharibu, usijifiche na usijitetee. Sema ulichofanya kwenye kila mlango, kisha uchukue jembe, hata kama unajua haitakuwa kama mwanzo.

Mbegu zako hizi hapa, nimezifunga kwenye karatasi. Usizifukie. Nenda salama, Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, aibariki mikono yako isishike kisicho chake, na akujalie kuwa na watu watakaochuchumaa nawe siku utakapokosea.

Na yule mwenzako wa mkoba, mwambie mche ule umeshakufa. Aje achukue mbegu.